Rudi Mwanzo

Enzi zetu kule Rhotia, wenzangu mtakumbuka, kwaya ya watoto haikuwa na kinanda wala simu ya kurekodia sauti. Tulikuwa na ubao, chaki na do-re-mi. Jumamosi tulitoka kupalilia maharage, matope mekundu yamekaukia miguuni, tunakunywa uji, kisha tunasimama kanisani na baridi ile mpaka meno yanagongana. Mwalimu wa kwaya alikuwa baba yangu mzazi, na ole wako ukosee.

"Rudi mwanzo!" Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake pekee. Akikosea mmoja, tunarudi wote. Jamani, ubeti wa kwanza tuliujua kama majina yetu. Wa mwisho tuliubahatisha tu.

Mdogo wangu Magreti alishindwa sehemu moja tu, kwenye kiitikio, pale sauti inaporuka juu. Kila tukirudi, anakosea palepale. Siku moja akasema taratibu, "Baba, naomba unifundishe hapo tu." Baba akamjibu, "Kurudia ndiko kujua." Basi tukarudia wimbo mzima hadi jua likazama, naye akarudia kosa lake hadi likamkaa kooni. Mimi, kiongozi wa sauti ya kwanza, njaa inaniuma, nikaropoka, "Baba, Magreti awe anafungua tu mdomo, asitoe sauti!" Wenzangu wakacheka. Baba akakubali. Pasaka ile tuliimba vizuri sana, na mimi nikasifiwa.

Sasa kwaya ya watoto naifundisha mimi. Watoto wa siku hizi nao! Ukiwaambia warudie mara ya tatu, wanauliza kama kuna soda. Juzijuzi mmoja alikwama kwenye kiitikio. Nimeshachoka kupiga kelele, nikamkalisha kando, tukaimba yale maneno matatu tu yaliyomshinda, polepole. Dakika tano akaweza. Dakika tano, ndugu zangu! Nilitoka nje nikalia.

Jioni nikampigia Magreti, ambaye ana duka Karatu mjini, nikamwomba msamaha. Akacheka. "Dada, hayo si mambo ya utoto? Yalishapita."

Jumapili akaja kusali kwetu, akasimama karibu nami. Wimbo ulipoanza, midomo yake ikafuata kila neno. Nikamsogelea, nikatega sikio. Sikusikia kitu.

Wajukuu zake wanaimba kutwa nzima pale nyumbani kwake, wanakosea kwa makelele, wanachekana, wanaendelea. Hakuna hata mmoja wao anayeijua sauti ya bibi yake akiimba. Na mimi niliyewahi kuisikia ndiye niliyeizima.