Kisima cha Manganizi

Kisima cha kanisa letu kijijini Kishanda kilichimbwa wakati mimi nafundisha kemia katika sekondari moja ya wasichana mjini Bukoba. Maji yake yalitoka safi na baridi, na mama aliniambia kwenye simu kwamba hatashuka tena bondeni na ndoo. Wiki chache baadaye akapiga tena, na sauti haikuwa ile. Bwana afya alikuwa amekuja kutia klorini kwenye tangi, na kesho yake maji yakatoka na rangi kama ya chai ya rangi. Akina mama wa kwaya walikuwa wamefulia majoho yao meupe maji hayo, na yote yakaingia madoa ya kahawia.

Nilipokwenda nyumbani likizo ya Juni, mama alinitandikia joho lake mezani kabla sijapumzika. Alikuwa amejaribu kulitoa doa kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, likazidi kukolea. Akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko lawama:

"Wewe uliyezisomea dawa hizi, mwanangu, hiki ni kitu gani?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli.

Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema klorini ni sumu, wengine wakasema bomba limeoza. Wanawake walikuwa wamerudi kuchota bondeni, mahali ng'ombe wanapokunywa, na watoto walianza kuharisha. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mpole aliyewahi kuwa karani wa chama cha kahawa, alitaka kisima kifungwe. Mkutano wa kuamua ungefanyika baada ya wiki mbili.

Siku ya tatu nilikuwa naanika joho lile nyuma ya nyumba, kwenye kibanja cha migomba, jua likalipiga lile doa. Rangi ile nilikuwa naifahamu. Ni rangi inayobaki kwenye vidole vya wanafunzi wangu baada ya jaribio la pamanganeti ya potasiamu, zile punje za zambarau ambazo watu hununua duka la dawa kuoshea vidonda. Zambarau ikishaisha nguvu, inaacha oksidi ya manganizi, na hiyo sabuni haiitoi. Sisi shuleni tulikuwa tunaitoa kwa limau.

Nikachuma limau, nikalikamulia pale kwenye doa na kusugua taratibu. Likafifia. Nikakamua la pili, na kitambaa kikabaki cheupe. Nilikaa chini kwenye majani makavu ya migomba nikacheka peke yangu mpaka mama akatoka kuniangalia.

Kesho yake nilikwenda Muleba mjini kununua pamanganeti. Nilikinga maji kisimani kabla hayajaingia kwenye tangi, maji meupe kabisa, nikayadondoshea matone ya zambarau. Rangi ikapotea mbele ya macho yangu, na chini ya glasi yakatua machicha ya kahawia nzito, karibu na nyeusi. Kama kilichomo kingekuwa chuma, kingeacha wekundu wa kutu. Hata hivyo sikutaka kujiamini mno, nikapeleka chupa maabara Bukoba. Jibu likarudi: manganizi.

Kwenye ukuta wa darasa langu kuna jedwali la elementi la mtindo wa zamani, ambamo kundi namba saba lina pande mbili. Upande mmoja wamekaa halojeni: florini, klorini, bromini, iodini. Upande wa pili ni manganizi na ndugu zake. Kila mwaka mwanafunzi mmoja huniuliza inakuwaje gesi kali na metali ngumu zipewe namba ile ile. Nilikuwa najibu kwa kuhesabu elektroni saba za nje, huku nikijua jibu hilo halimshibishi mtu. Sasa vyote viwili vilikuwa vimekutana kijijini kwetu. Manganizi ilipanda kutoka kwenye miamba ikiwa imeyeyuka, haionekani. Klorini, ambayo kazi yake ni kunyang'anya elektroni, ikainyang'anya, na manganizi ikaganda ikawa unga wa kahawia. Klorini haikuchafua maji. Ilifichua kilichokuwamo.

Siku ya mkutano nilieleza hayo yote kwa Kiswahili na Kihaya. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "unataka tuongeze dawa ile ile iliyotuharibia maji?"

"Ndiyo, waitu," nikamjibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Ila tuitie mapema, maji yatulie, kisha yapite kwenye mchanga."

Wakanipa mpaka mwisho wa Agosti. Tulijaza mapipa mchanga tulioutoa ufukweni ziwani, tukauosha mara nyingi. Wiki za mwanzo maji yalitoka bado na umanjano, na nilipokuwa napita barabarani nilihisi watu wananihurumia. Shule zilipofunguliwa nikawa napanda basi kila Jumamosi kwenda kuangalia. Siku moja nikakuta akina mama wameshika makarai, wanataka kuutoa mchanga wauoshe, kwa kuwa umekuwa mweusi. Niliwasihi wauache. Weusi ule ulikuwa manganizi yenyewe imeng'ang'ania mchanga, na sasa ingeivuta nyingine.

Jumapili ya mwisho ya Agosti mwenyekiti alikinga maji yaliyopita kwenye mchanga, kwenye jagi la kioo mbele ya watu wote, akatia klorini kwa mkono wake, akaliweka juu ya meza nje ya kanisa. Tukaingia ibadani. Sikusikia hata neno moja la mahubiri. Tulipotoka, maji yalikuwa meupe kama tulivyoyaacha. Alimimina glasi, akanywa yote, akanigeukia.

"Kasinge, Mwalimu," akasema, na kwa Kihaya hiyo ni shukrani anayopewa mtu aliyeshinda. Vigelegele vilipigwa mpaka nikakosa pa kuangalia.

Mwezi uliofuata ujumbe wa watu kutoka Kagoma ulikuja kuuona mtambo wetu. Mimi nilikuwa Bukoba, hivyo mama ndiye aliyewapokea na kuwaeleza, kuanzia miamba mpaka elektroni. Jioni alinipigia kunipa taarifa. Walimuuliza kemia ameisomea wapi, akawaambia hapo hapo kisimani, kisha akaendelea na maelezo.