Jino la Kwanza la Sudi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hapa Bagamoyo, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, mama alimzaa mdogo wangu Sudi na mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Shangazi, dada wa baba, alisema mama alishika kisu mwezi ulipopatwa, naye ana mimba. Mama akaapa kwamba siku ile hakukata hata kitunguu.

Bibi, mzaa mama, alikuwa mkunga. Aliosha kidole, akapapasa kaakaa la mtoto taratibu, akasema ni zima, ni mdomo tu, atanyonya. Akamfundisha mama kumpakata wima na kuziba pengo kwa titi lenyewe. Sudi akanenepa.

Shangazi hakuridhika. Alingoja meno. Siku zile mtoto aliyeanza kuota meno ya juu aliitwa kigego, mleta vifo, naye hupelekwa porini asirudi. Kila asubuhi shangazi alikuja kuchungulia ule ufizi ulio wazi. Mwisho ikakubaliwa kwamba mimi ndiye nipapase, kwa kuwa mtoto wa umri wangu hajui kuficha.

Asubuhi moja nilipapasa chini: laini. Juu, ukingoni mwa pengo, kidole kikagusa kitu kama chembe ya mchele.

"Haya, mwanangu," shangazi akauliza, "chini au juu?"

Mama alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono wake ulisimama.

"Chini," nikasema.

Shangazi akasogea ahakikishe. Bibi akamwahi, akatia kidole chake, akakaa nacho kitambo.

"Chini," akasema naye. "Na ana mafua. Asiguswe wala asifunuliwe uso mpaka apone."

Mafua yale yalidumu siku kumi na mbili, nilizihesabu, mpaka jino la chini likatokeza kweli. Bibi hakunitajia kamwe alichogusa.

Leo nimeurithi ukunga wake. Nimepokea watoto wawili wenye mdomo kama ule, na wote wawili jino lilitangulia ukingoni mwa pengo. Ni maumbile tu. Naweza kuliapia hilo.

Lakini siku baba alipofariki, Sudi akiwa na miaka mitatu, ameketi kizingitini anakula muhogo, kabla sijalia nilimgeukia yeye nikamkazia macho. Shangazi hakumtazama hata mara moja. Alikuwa akimlilia kaka yake. Yeye alikuwa ameliamini lile "chini" langu.