Mchungwa wa Dirishani kwa Mama

Harufu ya jani la limau likifikichwa mkononi hunirudisha, nitake nisitake, nyuma ya jumba moja la Kitisuru, kwenye chumba cha wafanyakazi tulichoishi kwa kuwa Baba alitunza bustani ya wenyewe. Mama alikuwa mgonjwa, na alitamani kitu kimoja tu: kula chungwa la mti wake mwenyewe, uliopandwa mbele ya dirisha lake. Shosho, mamake Baba, alileta mche aliouotesha kwa mbegu, wenye mizizi yake yenyewe. Baba akaukataa. "Hii ya mbegu itachukua miaka saba, Mum," alimwambia Shosho. "Daktari hakutupatia saba." Akapanda mche wa kupandikiza, chini limau, juu chungwa, ambao ungezaa mwaka wa tatu. Nilikuwa na miaka minane, na sikujua ni nini kilichokuwa kikihesabiwa.

Mwaka wa pili Baba alipata kazi ya ziada Spring Valley, akawa anarudi usiku tu, akaniachia mti. Alinionyesha kovu kwenye shina, pale chungwa lilipoungwa na limau. "Kitu yoyote inatoka chini ya hapa, toa," aliniagiza. Nilitii hadi baridi ya Julai ilipoingia, ile ya kutoona jua wiki nzima. Majani ya juu yakawa manjano, yakaanza kupukutika, huku chini ya kovu vikichomoza vichipukizi vinono vya kijani. Nilikuwa nimechoka kuona vitu vikidhoofika pale nyumbani, sikuweza kuving'oa. Nikavimwagilia maji ya kuoshea mchele. "Inakua?" Mama aliuliza dirishani. "Inakua, Mum," nilimjibu. Baba alipokuja kuchuchumaa pale, sehemu ya chungwa ilikuwa imekauka kama kijiti cha kiberiti. Aligusa miiba mirefu, akanusa jani: limau. Kupanda mwingine kungekuwa kuanza hesabu upya. Hakunipiga, na heri angenipiga. "Usimwambie," alisema tu. Basi Mama akausifu mti ule kila asubuhi, hadi alipofariki akijua ni mchungwa.

Siku hizi ninaishi ghorofani Parklands, na machungwa yamejaa madukani mwaka mzima. Siyanunui. Kwenye kiploti changu nje ya jiji nimepanda mchungwa wa mbegu. Unachelewa mno, lakini hata ukikatwa hadi chini, kitakachochipuka ni chungwa tu. Miaka saba ya kungoja ninayo. Mama alikuwa na mitatu, nami nikaitumia kumwagilia limau.