Mshona Nguo Ndiye wa Kwanza

Pale kituo cha redio walimwita Mama Hesabu, na wiki ile alitamani wangemwita jina lingine lolote. Yeye ndiye aliyepokea kura za shindano la waimbaji, kila mmoja akijulikana kwa kazi yake. Wasikilizaji walichezewa nyimbo za waimbaji wawili wawili, kisha wakapiga simu kumchagua mmoja. Mkuu wa vipindi akahesabu kwa vidole: Kinyozi kapambana mara tano, kashinda zote. Mshona nguo mara sita, kashinda nne.

"Kinyozi wa kwanza. Imekwisha."

"Haijaisha, mkuu. Kinyozi umempangia wanyonge watupu. Mshona nguo kakutana na wakali, wale wale waliowagaragaza hao wanyonge. Lazima tupime nani kamshinda nani."

"Ushindi ni ushindi, mama."

Mama Hesabu akaeleza kwa chaki. Akaeleza kwa vizibo vya soda. Mkuu akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza, "Kwa hiyo Kinyozi wa kwanza?" Kumpigia mbuzi gitaa!

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, mke wa Kinyozi.

"Dada, eti unamshusha shemeji yako?"

"Hesabu haina shemeji!" Akakata.

Mwishowe akadai wawili hao wapambanishwe. Kwa hesabu zake, mshona nguo alikuwa na nafasi mbili kati ya tatu. Mkuu akakubali, angalau apumue.

Kinyozi akashinda kwa kura tisa.

Studio nzima ikaangua kicheko. "Mama Hesabu, imekula kwako!"

"Nilisema mbili kati ya tatu! Hiyo ya tatu mlidhani nimeweka pambo?"

Nani amsikilize? Akarudi mezani, akaongeza kura hizo, akakokotoa upya. Kura tisa hazikufuta wale wakali aliowashinda: mshona nguo bado alikuwa mbele, kwa unywele. Almanusura aichane karatasi.

Jioni Kinyozi akaja mwenyewe, zawadi kwapani. "Shemeji, niambie kweli. Mimi ni wa pili?"

"Wa pili, shemeji."

"Nilijua. Yule mama mshona nguo akiimba, naacha kichwa cha mteja nusu. Hata kura nilimpigia yeye."

Katika jengo zima, aliyemwelewa Mama Hesabu ni mshindi peke yake!

Kesho yake mkuu akaleta ratiba ya msimu mpya, kaipanga kwa kubahatisha tena. Mama Hesabu akampokonya kalamu, akaandika juu kwa herufi kubwa: KILA MMOJA AKUTANE NA KILA MMOJA.

"Itachukua wiki nyingi," mkuu akalalamika.

"Na zichukue!"