Soketi ya Ukweni

Msinicheke basi, maana jambo hili hata leo nikilikumbuka hujifunika uso nikiwa peke yangu. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, nami ndio kwanza nimeoa, niko fungate kwa wakwe zangu mtaa wa Ndia Kuu, siku ya tano, Ijumaa, nataka kwenda msikitini na baba mkwe. Mke wangu Zuhura akachomeka pasi ya umeme (zawadi ya harusi, na umeme wenyewe nyumba ile ulikuwa haujatimiza mwaka) anipigie kanzu, pasi ikakataa kushika moto.

"Tumwite fundi," akasema.

Fundi wa nini, na mimi nipo? Mimi, karani wa forodhani, ambaye umeme niliujua kwa kuwasha taa na kuizima! Nikamwambia, "Hii soketi haina moto, ni kitu kidogo," nikachukua kisu cha kukatia halwa, nikafungua skrubu, nikaona nyaya zimelala kimya, nikasema kama pasi haipati moto basi hapa umeme haufiki (mwaiona akili hiyo!), wala sikushuka kuzima swichi kubwa, nikatia kisu.

Wallahi sijui nilirukaje. Palitoka cheche, nikajikuta nimekaa ndani ya beseni la maji ya kunyunyizia kanzu, kikoi chote maji, napiga kelele "Mama weee!" hadi uani wakasikia, na feni iliyokuwa ikimpepea baba mkwe chumba cha pili ikasimama. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakapanda ngazi mbio, mama mkwe mbele.

"Mwanangu, umeumwa na nini?"

Nikaionyesha soketi kwa kidole. Zuhura alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika.

Fundi akaletwa, mzee mpole wa Majengo. Akatia fyuzi mpya, akairudisha soketi, akaijaribu kwa taa yake, ikawaka. Kisha akaupapasa waya wa pasi mpaka akapata palipokatika ndani.

"Soketi ilikuwa nzima, bwana. Mbovu ni huu waya."

Baba mkwe hakucheka. Aliniambia tu, kwa adabu zote, "Twende tukasali, mwanangu, ukamshukuru Mungu. Na feni yangu ukiiona imesimama, tafadhali, iwache."

Nikaenda na kanzu yenye makunyanzi, nyuma yangu nyumba nzima yaangua kicheko. Tangu siku hiyo, kitu cha umeme kikiharibika kwangu, cha kwanza nikishikacho ni viatu, nitoke nikamtafute anayejua.