Jeli ya Sekunde Ishirini

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliingia katika maabara ile kwa kuosha vyombo vya kioo, na hadi leo, miaka kumi na tisa baadaye, wanamwita Mama Vyombo, ingawa tangu mwaka wa tatu ndiye anayetayarisha jeli zote za utafiti. Naandika haya kwa hasira, wala sioni haya kuikiri.

Jeli yenyewe ni maji yaliyonaswa katika wavu wa kemikali uliobuniwa na binadamu. Seli hai huchanganywa humo ingali majimaji, kisha taa ya zambarau huigandisha, na seli hubaki ndani kama wapangaji wa nyumba mpya, zikitarajiwa kujenga tishu. Mwaka mzima zilikuwa zikifa. Ilisalia chupa moja tu ya seli za ngozi, na daktari anayeongoza utafiti alikwisha kutamka: zikifa na hizi, Mama Vyombo arudi kwenye masinki. Kana kwamba yeye ndiye aliyeamuru jeli imulikwe dakika nzima! Ni yeye aliyewaambia waziwazi kwamba jeli ngumu humfurahisha mtu anayeigusa, si seli inayoishi ndani yake.

"Daktari, tumezijengea gereza. Nipe sekunde ishirini za taa, si sitini."

Daktari akatikisa sampuli aliyoonyeshwa. "Hii si jeli, mama. Hii ni kamasi."

"Kamasi hutoka puani mwa aliye hai, daktari. Hiyo ngumu yenu, mimi nazika tu."

Wasaidizi wakaangua kicheko. Daktari akamwachia vishimo vinne kati ya kumi na viwili vya sahani ya majaribio.

Asubuhi ya siku ya tano nilikuwa nasahihisha mitihani simu ilipolia.

"Wifi, acha hizo karatasi! Zimetoa miguu!"

"Nini kimetoa miguu?"

"Seli, wewe! Njoo kabla sijazimia!"

Nilikwenda mbio, mwanamke mzima mwenye shahada, kiatu kimoja kikitaka kunivuka. Nilipoinamia hadubini sikuona ila kope zangu.

"Rudi nyuma kidogo, wifi. Hujaitwa kubusu."

Ndipo nikaona. Katika vishimo vinane vya daktari, seli zilikuwa viduara vyeusi, zimekufa vilevile zilivyowekwa. Katika vinne vyake zilikuwa zimejinyoosha, zikatoa vidole vyembamba, zikashikana mtandao mzima, kishimo baada ya kishimo! Nilipiga yowe ambalo halistahili maabara.

Yowe hilo lilimleta daktari. Alitazama, akabadilisha kishimo, akatazama tena.

"Sekunde ishirini?"

"Ishirini. Ila kumi na nane zingefaa zaidi."

Akavuta daftari la utafiti, lile ambalo kila ukurasa husema jeli "imetayarishwa na maabara", kana kwamba kuta zina mikono. Nilifumbua kinywa nimweleze, wifi akanikanyaga.

"Leo andika mwenyewe," daktari akasema, akimpa kalamu. "Na sahani ijayo, vishimo vyote kumi na viwili ni vyako."

Wifi akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa, yakavuka mstari hadi pambizoni. Kisha akamwomba daktari asogee, kwa kuwa alikuwa bado hajamaliza kuzihesabu seli zake.