Kasuku wa Adalbert na Karanga za Mlangoni

Siku ya kwanza nilipomwona Adalbert alikuwa amepiga magoti mbele ya kasuku, karanga mkononi, akimbembeleza kwa upole ambao mke wake hakuwahi kuuonja: "Bonjour, Patronne. Sema, papa. Bonjour, Patronne." Nilikuwa nimemletea tundu la waya nililomsukia ndege huyo. Kasuku alinitazama. Adalbert hakunitazama.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wetu uitwao Kenya, ila kazi alishaiacha. Madame Edith, mwenye mgahawa kule Karavia, alimwahidi kazi ya kutunza ndege wa bustani yake siku kasuku atakapomsalimu yeye, Patronne, kwa Kifaransa. Hiyo ilimtosha Adalbert kuwaaga wenzake kwa hotuba.

Mpwa wake Plamedie, anayesomea uganga wa mifugo, alimwonya mbele yangu. "Tonton, mu kichwa ya ndege muko kitu banaita dopamini. Karanga ikimushangaza, ile dopamini inatoka, na yeye anajifunza. Akizoea, inatoka mbele ya karanga, kwa ile alama yenye kuitangulia. Uchunge alama!"

"Dopamini naijua," alijibu Adalbert, ambaye neno lenyewe alikuwa amelisikia dakika hiyo hiyo.

Basi akawa anawaeleza dopamini majirani, nao wakaja kumwona ndege msomi. Kila mmoja aliita "Odi!" mlangoni, kama desturi yetu, na kila mara Adalbert, kabla hajainuka, alimtupia kasuku karanga ili asipige kelele. Mimi niliiona alama. Nilitaka kumwambia, nikaishia kukohoa.

Siku ya mtihani Madame Edith aliketi mbele ya tundu. Kasuku aliinamisha kichwa, akafikiri, akaita: "Odi!"

"Nakuya!" Adalbert akatupa karanga, akakimbilia mlango. Hapakuwa na mtu. Alipogeuka tu: "Odi!" Karanga nyingine, mlango tena. Mara ya tatu Madame Edith alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Papa Adalbert, huyu ndege iko mwalimu muzuri! Alikufundisha mu juma ngapi?"

Akaondoka, na kazi ya bustani ikaondoka naye.

Miezi miwili baadaye nilipata kibarua Kinsevere, nikaenda kumuaga Adalbert. Nilisimama mlangoni nikaita "Odi!" kwa sauti yangu ndogo. Nikaita tena.

Adalbert alinijibu kutoka ndani, bila hata kuinuka:

"Nyamaza, shetani weye! Karanga ilishakwisha!"